Tumbo la Mtoto na Safari ya Waganga Watatu

Mtoto akivimba tumbo katika vijiji vyetu vya Masisi na Walikale, majibu huwa tayari kabla ya maswali. Huyu asema ni minyoo, yule asema ni bwaki, wa tatu asema ni bandama iliyokua kwa malaria. Mara nyingi mmoja wao amesema kweli. Wa nne hunong'ona kwamba mtoto amerogwa. Leo twataka kusimulia habari za uvimbe mwingine wa tumbo, jinsi ulivyotambulikana katika nchi jirani ya Uganda, kwa kuwa habari hizo zatugusa sisi watu wa milima na wa msitu.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, mganga wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba kuume na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo, wala hakujua la kufanya. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotupa macho dirishani akamwona mtoto wa kike uani pamoja na mama yake, uso umevimba vile vile. Akatoka upesi kumpima; kumbe, na tumboni mlikuwa na uvimbe.

Hapo akaanza kufunua madaftari ya hospitali. Watoto waliokufa kwa uvimbe wa taya walipopasuliwa, wengi walionekana kuwa na uvimbe katika figo pia, au katika ini, na wasichana katika kokwa za mayai. Zamani kila uvimbe uliandikwa peke yake: huu wa figo, huu wa jicho, huu wa taya. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari za watoto 38. Kisha J. N. P. Davies na Gregory O'Conor, waliopima vipande vya nyama kwa hadubini huko Kampala, wakaonyesha ya kuwa ni ugonjwa mmoja, yaani kansa ya chembe zile zinazoulinda mwili. Karibu nusu ya kansa za watoto walizozipima zilikuwa za namna hiyo.

Lakini mbona ugonjwa ulionekana hapa, na pale haukuonekana? Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt na waganga wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa motokaa kuukuu. Walikwenda kilometa kama 16,000 mpaka kusini mwa Afrika, wakaingia hospitali zaidi ya 50, wakionyesha picha na kuuliza: Je, mmewaona watoto kama hawa? Majibu wakayatia katika ramani. Karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa haba sana juu ya mita 1,500; na kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulizidi kushuka. Basi sababu haikuwa kimo chenyewe, ila baridi. Na penye baridi mbu wa malaria hastawi.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Virusi hivyo karibu watu wote wa dunia wanavyo, wala havidhuru wengi. Ila mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga ya mwili wake huvurugika, na kansa hupata nafasi.

Sasa tutazame kwetu. Milima ya Masisi yapanda kupita mita 2,000. Msitu wa Walikale uko chini, kwenye joto na mbu. Huko Uganda waganga waliona kwamba watu waliotoka nchi za juu zenye baridi, kama Rwanda, wakahamia mabondeni, waliweza kupatwa na ugonjwa huu wakiwa wakubwa kuliko wenyeji. Nasi tumeona jinsi vita vilivyowashusha watu wetu kutoka milimani. Mzazi aliyelelewa kwenye baridi asidhani chandarua ni kitu cha anasa.

Tena tujue hili. Burkitt, ingawa alikuwa mpasuaji, aliona kisu hakifai hapa. Katika miaka ya 1960 aliwapa watoto dawa za kansa, na baadhi yao wakapona kwa dozi chache tu. Hata leo dawa ndizo zinazoponya, watoto wakifika mapema. Lakini uvimbe huu waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Chale hazitauzuia, wala dawa ya minyoo.

Kwa hiyo mama akiona tumbo la mtoto limekuwa gumu na kuongezeka siku kwa siku, au taya imevimba na meno yalegea, asingoje kikao cha ukoo. Ampeleke hospitali, na sisi majirani tumsaidie kumbeba. Mficha maradhi, kifo humwumbua.