Ukiliwa Kamarini, Nani Alipe?

Kiswahili hakina adabu kwenye mambo ya kamari. Mtu akishinda, amekula. Akishindwa, ameliwa. Basi, ukisema mtu ameliwa, lazima mlaji awepo mahali, hata kama hatajwi. Ni nani huyo? Na je, anadaiwa chochote? Mahakama za Uingereza na za nchi zilizorithi sheria zake zimelizunguka swali hili kwa zaidi ya miaka 300. Cha kushangaza, sheria ya zamani ilimbana mlaji kuliko nyingi za leo.

Turudi 1710, enzi za Malkia Anne. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba aliyeliwa pauni 10 au zaidi kwa kikao kimoja, na akazilipa, ana miezi mitatu ya kumshtaki mshindi arudishiwe pesa zake. Akinyamaza kwa aibu, mtu mwingine yeyote anaweza kumshtaki mshindi huyo na kudai mara tatu ya kiasi kile: nusu yake mwenyewe, nusu ya maskini wa parokia. Na ukiweka rehani shamba kwa deni la kamari, mshindi halipati ng'o. Linakwenda kwa mrithi wako, kana kwamba wewe umeshakufa.

Kana kwamba umeshakufa! Sheria ilimtazama mcheza kamari ikaona maiti, ikawahi kuokoa mirathi. Lakini tusidanganyane, huruma hiyo haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya ardhi na ukoo wenye jina.

Mwaka 1845 Bunge likabadili msimamo. Mkataba wa kamari ukawa batili: aliyekula asije mahakamani kudai, na aliyekwisha kulipa asije kulia. Mahakama ikanawa mikono. Sheria ya 2005 ikamaliza kazi, deni la kamari likawa deni kama mengine.

Ndani ya dunia hiyo mpya akaingia Graham Calvert, mfuga mbwa wa mashindano. Aliiomba kampuni ya William Hill imfungie asibeti kwa simu kwa miezi sita. Wakamkubalia, kisha hawakutekeleza. Akaliwa zaidi ya pauni milioni mbili. Mwaka 2008 mahakama ilikubali kwamba kampuni, kwa kuahidi, ilijitwisha wajibu. Hata hivyo hakulipwa fidia ya hasara yake. Kwa nini? Kwa sababu, walisema majaji, angefungiwa hapa angekwenda kuliwa kwingine. Ugonjwa uliomfanya aombe msaada ndio uliomnyima haki.

Kesi kubwa zaidi ni ya Australia, Kakavas dhidi ya Crown Melbourne. Kati ya Juni 2005 na Agosti 2006 mtu huyu aliliwa dola za Australia milioni 20.5 kwenye meza za bakarati. Kasino ilijua kwamba huko nyuma aliwahi kujifungia mwenyewe asiingie, na bado ilimfuata na kumbembeleza kwa marupurupu, hata ndege binafsi ya kumleta. Alidai wamemtumia vibaya wakijua hawezi kujizuia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Australia ilimkatalia kwa kauli moja. Hoja yake ilikuwa kavu: kamari ni biashara ambayo kila upande unakuja waziwazi kumtia mwenzake hasara. Huyu alikuwa mtu mzima, mjanja wa kuvutana juu ya masharti, na aliweza kukaa mbali akitaka. Atakaye fidia athibitishe kwamba kasino ilijua kweli udhaifu wake, ikauwinda. Kudhani tu kwamba ilipaswa kujua hakutoshi.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na hukumu hii. Mtu akivutana na kasino apate masharti mazuri ya kucheza, majaji wanaona uhuru. Mimi naona mtu anayevutania ukubwa wa shimo lake.

Sheria ya Malkia Anne, hata hivyo, haikufa kabisa. Watoto wake walivuka bahari na wahamiaji. Kentucky, Marekani, bado ina sheria ya aina hiyo, na serikali ya jimbo iliitumia kuwashtaki wenye mchezo wa poka mtandaoni wa PokerStars. Hasara za wakazi, yapata dola milioni 290, zikazidishwa mara tatu: milioni 870. Mahakama ya juu ya jimbo ilikubali Desemba 2020, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa milioni 300. Mlaji akatapishwa.

Lakini alitapika kwenye bakuli la nani? La serikali ya jimbo. Na Crown yenyewe, baada ya uchunguzi wa 2021 kuanika ilivyowatendea walevi wa kamari, ilitozwa na msimamizi wa Victoria faini ya dola milioni 120 mwaka 2022. Fedha hizo pia hazikurudi kwa walioliwa.

Hilo ndilo badiliko ambalo vitabu vya sheria havilitamki. Mwaka 1710 aliyeliwa angeweza kudai chake, na asipodai, maskini wa parokia wangepata fungu. Leo mlaji akibanwa, anayenufaika ni hazina. Aliyeliwa anaambiwa alikuwa mtu huru. Sarufi yetu imeona mbali kuliko majaji: inasema huyu ameliwa, kisha inamwacha msomaji aulize, na nani?