Vyanzo Viwili vya Vita vya Maji Maji

Neno chanzo lina kazi mbili katika somo la historia. Chanzo cha Vita vya Maji Maji ni pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida. Lakini chanzo ni pia pale tulipoipata habari yenyewe: ripoti ya ofisa wa Kijerumani, simulizi ya mzee wa Umatumbi. Chanzo cha kwanza hujibu kwa nini mambo yalitokea, cha pili hujibu umejuaje. Shuleni cha kwanza hukaririwa mpaka kinachosha. Cha pili hufundishwa mwanzoni mwa kidato cha kwanza, kisha hakisikiki tena.

Sisemi tarehe ziachwe. Kukariri ni kurudiarudia, ila kuna kuhifadhi, na anayehifadhi hutunza kitu ili akitumie. Tazama tarehe zinavyoweza kutumika. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mganga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, anayetajwa kuwa kiongozi wa vita hivyo. Mapigano yaliendelea hadi 1907. Mwanafunzi akizipanga tarehe hizo tatu, swali linakuja lenyewe: mtu aliyenyongwa vita vikiwa na siku chache tu aliviongozaje? Kulijibu kunamtaka awafuate wajumbe walioitwa hongo, waliosambaza maji ya dawa kijiji kwa kijiji, na awajue viongozi wa Ungoni kama Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Asiye na tarehe hawezi kuuliza swali hilo. Aliye nazo akaishia kuzitaja, naye hajaliuliza.

Kisha kuna jina la tukio. Serikali ya Kijerumani ililiita uasi, nasi tunasema vita. Kuasi ni kumvunjia utii mwenye haki ya kutiiwa, kama mtoto anavyowaasi wazazi. Anayeandika uasi amekwisha kumpa mkoloni haki hiyo kabla ya aya ya pili. Mimi nashikilia vita, kwa sababu kulikuwa na pande mbili na kila upande ulikuwa na madai yake. Hata hivyo nisingependa mwanafunzi aandike vita kwa kuwa tu mwalimu ameandika hivyo ubaoni. Ayasome maneno yote mawili, aone kila moja limetoka kinywani mwa nani.

Idadi ya waliokufa inahitaji uangalifu uleule. Jeshi lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio huanzia 75,000 na kufika 300,000. Kitabu kikichagua moja na kuinyamazia nyingine, kimemnyima msomaji somo zima: nani alihesabu, lini, na aliwahesabu akina nani?

Kazi ya namna hii si ya maprofesa peke yao. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kurekodi kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivi, wakati ambapo waliovishuhudia walikuwa bado hai. Bila vijana wale tungebaki na sauti ya upande mmoja. Wazee wale sasa hawapo, lakini wapo wanaokumbuka Operesheni Vijiji na Vita vya Kagera, wengi wao wakiishi nyumba moja na mwanafunzi.

Sasa kwa kuwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, hatuna tena kisingizio cha lugha. Walimu, na hasa watunzi wa mitihani: mnapouliza chanzo cha vita, ongezeni swali la pili. Mpeni mtahiniwa maelezo mawili yanayopingana, mwambieni aamue yapi yanaaminika zaidi na kwa ushahidi gani, kisha alama nyingi ziwe hapo.