Nia ya Profesa na Ushahidi wa Pemba

Kwa nini mtu huumaliza umri wake chuoni, akisoma, akifundisha na kutafiti hadi kufikia uprofesa? Kwa kawaida huulizwa mwenyewe, na majibu yake tunayajua: mapenzi ya elimu, kuitumikia jamii, kuendeleza alichorithi kwa walimu wake. Sina sababu ya kuyakanusha, ila hayatoshi kuwa ushahidi, kwani mtu huisimulia nia yake baada ya mambo kumnyookea. Ninachodai ni kwamba nia ya mwanazuoni huthibitika kwa swali analolishikilia hata pale lisipomwongezea cheo, na kwa namna anavyolipokea jibu asilolitaka.

Mfano wa kwanza ni Ivo de Carneri. Alikuwa profesa wa elimu ya vimelea katika Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, alipovutwa na maradhi ya kisiwa cha Pemba, hasa kichocho na minyoo ya tumbo. Alitamani maabara ijengwe kisiwani penyewe. Alifariki mwaka 1993 bila kuiona. Mwaka uliofuata ukaundwa mfuko wenye jina lake, na mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii ikafunguliwa Wawi, Chake Chake, kwa ushirikiano na Wizara ya Afya ya Zanzibar. Wapo wanaoshikilia kwamba maprofesa huendeshwa na mshahara, vyeo na sifa. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, wala si aibu, maana mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini mtu aliyekwisha kuwa profesa ajifunge na kazi ambayo matunda yake yalikuja miaka saba baada ya kifo chake.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Watafiti Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao waliwapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma na asidi foliki, wakitarajia kuwakinga na upungufu wa damu. Utafiti ulihusisha watoto zaidi ya 24,000. Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa, kwa kuwa waliopewa walilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2006 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet, na Shirika la Afya Duniani likarekebisha ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi. Mtu atasema: basi kinachowalinda watu ni kamati huru inayofuatilia takwimu, si moyo wa profesa. Nakubali nusu. Nia njema haikuwakinga watoto wale, na hakuna utafiti unaopaswa kuitegemea peke yake. Hata hivyo, kamati husimamisha tu. Kuandika waziwazi kwamba tulichokiamini kimedhuru ni kazi ya mtu anayeupenda ukweli kuliko matumaini yake.

Linabaki lalamiko lenye haki: Pemba hutoa damu na mkojo, uprofesa ukapatikana ng'ambo. Kijana wa Micheweni au Mkoani anaweza kuwa na hamu ileile ya de Carneri, lakini hamu isiyo na maabara, muda wala msimamizi hunyauka. Pa kuanzia papo: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Mchangamdogo, hapo hapo kisiwani. Lakini vyuo vyetu vikipandisha vyeo kwa idadi ya machapisho tu, mhadhiri atakimbilia maswali mepesi yanayojibika haraka. Miaka kumi ya kufuatilia kichocho katika shehia moja ihesabiwe nayo, hata pale dawa iliyojaribiwa iliposhindwa.