Kipimo cha Mama Pima

Kabla ya kuwa mtaa wa mabanda, Kibera ilikuwa msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaweka pale askari Wasudani wa jeshi la King's African Rifles pamoja na familia zao, nje kidogo ya mji mchanga wa Nairobi. Wazao wao ndio Wanubi. Wanawake wa Kinubi walijulikana kwa ujuzi wa kunasa mvuke wa pombe, na kinywaji chao kikaitwa jini ya Wanubi. Mlokole yeyote angekuambia jina hilo lilistahili.

Ujuzi wenyewe hauhitaji mitambo. Unga wa mahindi au wimbi huvundikwa pamoja na sukari guru siku kadhaa, mpaka uchachuke na kutoa povu. Kisha mchanganyiko humiminwa ndani ya pipa lililo juu ya moto. Sufuria huning'inizwa ndani ya pipa, na mdomo wa pipa huzibwa kwa karai la maji baridi. Mvuke ukipanda na kugusa tako la karai hugeuka matone, matone yakaangukia sufuria. Maji ya karai yakipata moto hubadilishwa. Ni kazi ya subira, na moshi wake huonekana kutoka mbali.

Hiyo ndiyo chang'aa, au machozi ya simba kwa wanaoienzi. Aiuzaye huitwa mama pima, maana huipima kwa glasi.

Wakoloni hawakutaka Mwafrika anywe kitu kikali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na ule wa St. Germain wa 1919, ilibana biashara ya pombe kali barani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi yenyewe ilifungua ukumbi wa pombe ya kienyeji Pumwani, ikajipa haki ya kuuza peke yake. Mwanamke aliyepika nyumbani kwake alikamatwa. Ukitazama mapato yalikoelekea, utashuku kwamba ulevi haukuwa kero kubwa kuliko ushindani.

Uhuru ulikuja, pipa likabaki mafichoni. Mwaka 1980, enzi ya Rais Moi, Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kupiga marufuku chang'aa. Wapishi hawakuacha, ila sasa kila msako ulikuwa na bei: pipa kumwagwa, faini, kifungo, au kitu kidogo cha kumtuliza askari. Na mnywaji alikuwa yuleyule kibarua, hakuwa na senti ya kuongeza.

Hapo ndipo methanoli, pombe yenye sumu, ilipopata mlango. Nafaka na sukari zikichachuka hutoa methanoli kidogo mno. Ile inayoua kwa wingi hutengenezwa viwandani kwa ajili ya rangi, gundi na viyeyusho. Hulewesha na kunukia karibu kama pombe ya kawaida. Ukiichanganya na maji huna haja ya kuvundika wala kuwasha moto, na hakuna moshi wa kumwita askari. Marufuku ilimwadhibu zaidi mpishi aliyefuata njia ndefu.

Novemba 2000, katika mabanda ya Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa kwa kunywa kumi kumi, pombe iliyotiwa methanoli na kupewa jina hilo kwa sababu glasi ilikuwa shilingi 10. Wengine walipofuka. Methanoli haina haraka: ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, na mnywaji anaweza kulala akidhani amelewa tu, kisha baada ya saa 12 au 24 akaamka na ukungu machoni, kwa kuwa asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Ajabu ni kwamba mojawapo ya dawa ni pombe halisi: ini huishughulikia kwanza, methanoli ikapata nafasi ya kutoka. Dawa hiyo, pamoja na mashine ya kusafisha damu, hutaka hospitali, na hutaka mgonjwa afike mapema na aseme alichokunywa. Aliyekunywa kitu cha jela husitasita kusema.

Mwaka 2005 karibu watu 50 walikufa Machakos kwa sumu hiyohiyo. Mwaka 2010 sheria mpya, iliyopachikwa jina la mbunge John Mututho, iliihalalisha chang'aa mradi ipikwe kwa leseni na ifungwe chupani. Mama pima angetoa wapi kiwanda cha chupa? Walioweza kununua chupa na lebo walikuwa wengine, na Mei 2014 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 80 huko Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko.

Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, walikufa 17. Serikali ilieleza kwamba kinywaji kile kilikuwa kielelezo cha kesi: kilikuwa kimekwisha kamatwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi, kisha kikaibwa humo na kurudishwa sokoni.