Moyo Uliosafiri kwa Waya wa Simu

Mwaka 1905, mjini Leiden, Uholanzi, mgonjwa alikuwa hospitalini huku moyo wake ukichorwa maabarani, umbali wa kilomita moja na nusu. Willem Einthoven alikuwa amebuni mashine ya kunasa umeme wa moyo kwa uzi mwembamba mno uliopakwa fedha. Lakini mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, sumaku yake ilipozwa kwa maji, na kuiendesha kulitaka watu watano. Haibebeki. Na mgonjwa wa moyo naye si wa kusumbuliwa njiani. Ukatumika waya wa simu: mgonjwa akatumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi, umeme wa moyo ukasafiri. Einthoven akauita mchoro huo telekardiogramu. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1924.

Mmarekani Norman Holter akataka kumfuata mgonjwa hadi nje ya wodi. Kifaa chake cha kwanza cha redio, mwishoni mwa miaka ya 1940, kilibebwa mgongoni, kilo 38! Transista zikakipunguza.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Nchini Kameruni, ambako mabingwa wa moyo ni wachache na wengi wako Yaoundé na Douala, mhandisi Arthur Zang alibuni Cardiopad, tableti inayopima umeme wa moyo kijijini na kumtumia bingwa mchoro kwa mtandao wa simu. Mwaka 2016 ilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika.

Kumfuatilia mgonjwa akiwa nyumbani kuna sababu ya msingi. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujaa miguuni na mapafuni, na mara nyingi mizani huonyesha kabla mgonjwa hajaanza kuhema. Kilo mbili zikiongezeka kwa siku chache, daktari anapaswa kujua.

Ila kujua huko kuna namna zake. Marekani walijaribu kwa wagonjwa 1,653, matokeo yakatoka mwaka 2010: mgonjwa alitakiwa kupiga simu kila siku, sauti ya mashine ikimuuliza hali na uzito, naye akijibu kwa kubonyeza namba. Haikupunguza vifo wala kurudi hospitalini. Kufikia mwisho, ni asilimia 55 tu waliokuwa wakipiga angalau mara tatu kwa wiki. Siwalaumu, mtu anayehema usiku anahitaji binadamu wa kumjibu.

Wajerumani walimweka binadamu huyo. Katika utafiti wa wagonjwa 1,571 uliochapishwa mwaka 2018, uzito, presha, mchoro wa umeme wa moyo (ECG) na oksijeni vilitumwa kila siku katika kituo cha hospitali ya Charité, Berlin, chenye madaktari na wauguzi saa 24. Kila mwezi muuguzi alimpigia mgonjwa. Kwa kila wagonjwa 100 waliofuatiliwa hivyo kwa mwaka, walifariki takriban 8. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida tu, 11.