Warembo wa "Circassia" wenye nywele za bia

Kama unadhani watu kujipa maisha ya uongo kulianza na Instagram, hebu rudi New York ya miaka ya 1860. Pale Broadway kulikuwa na jumba la maonyesho la P. T. Barnum, mzee wa kiki kuliko wote wa zama zake.

Mwaka 1864 Barnum alimtuma mtu wake Constantinople akamtafutie msichana mrembo wa Circassia, kule milima ya Kaukazi. Kwa nini huko? Wasomi wa Ulaya walishawaaminisha watu kwamba weupe "halisi" asili yao ni Kaukazi, na stori za wasichana wa huko kuuzwa kwenye majumba ya masultani zilikuwa zinasomwa balaa. Na kumbuka, Marekani yenyewe ilikuwa vitani kwa ajili ya utumwa. Mtumwa mweupe, tena mrembo? Tiketi zilijiuza zenyewe.

Masimulizi ya safari hiyo yanapishana, ila haikuchukua muda "Mcircassia" akapanda jukwaani. Nywele zilioshwa kwa bia, zikatimuliwa, zikaachwa zikauke mpaka zisimame kichwani kama wingu. Mtindo huo wala haukuwa wa wanawake wa Circassia! Jina lake lilianza na Z, na waliomfuata nao wengi wakapewa majina ya Z.

Akiulizwa lugha ya kwao je? Jibu lilikuwepo: alitolewa nyumbani mdogo mno, ameshaisahau.

Ukweli ni kwamba wengi wao walikuwa mabinti wa hapohapo Marekani. Hawakuwa peke yao kwenye mchezo huo. Ndugu wawili waliotangazwa kama "watu wa mwituni wa Borneo" walikulia Ohio. Lakini hawa mabinti, kazi yao ilikuwa kupendeza, kunyamaza na kuuza picha zao. Picha hizo zipo mpaka leo, kibao. Majina waliyopewa na mama zao, kwa wengi wao, hayajulikani.

Na Wacircassia wenyewe? Mwaka huohuo wa 1864 Urusi ilimaliza kuiteka nchi yao. Mamia ya maelfu walifukuzwa kuvuka Bahari Nyeusi kwenda Uturuki, wengi wakafa kwa njaa na maradhi, wengine wakiwa bado melini. Huku New York, watu walikuwa kwenye foleni wanalipa kiingilio wakamwone binti wa mtaa wa pili.