Je, swichi na vichujio vya mtandao huboresha sauti ya muziki nyumbani?

WAKAZI wa Kinanie, katika eneobunge la Mavoko, Kaunti ya Machakos, wamesahau kabisa foleni za kununua kanda na santuri mjini. Muziki siku hizi huwafikia kupitia intaneti. Apple Music iliingia nchini mwaka 2015, Spotify ikafuata Februari 2021, na kabla yao Mdundo, kampuni iliyozaliwa Nairobi, ilikuwa tayari imewazoesha Wakenya kupata nyimbo kwa simu. Aliye na nyumba ya mawe, amplifaya na jozi ya spika nzuri huunganisha kila kitu kwenye ruta, kisha akaketi kusikiliza.

Hapo ndipo wauzaji wanapobisha hodi. Kuna swichi za mtandao zinazodaiwa kutengenezwa kwa ajili ya muziki pekee, na vichujio vinavyochomekwa kwenye waya wa mtandao, ambavyo bei yake huanzia makumi ya dola hadi maelfu. Ahadi zake ni nyingi: sauti itakuwa safi zaidi, besi itatulia, na mwimbaji atasikika kana kwamba amesimama sebuleni. Je, pana ukweli wowote katika madai hayo, au ni njia nyingine ya kumkamua mpenda muziki?

Yafaa kwanza kufahamu swichi ni kitu gani. Ni kisanduku chenye matundu kadhaa ya kuchomeka nyaya, kinachopokea vifurushi vya data kutoka tundu moja na kuvipeleka kwenye tundu linalohusika. Swichi ya kawaida yenye matundu matano huuzwa kwa shilingi elfu chache tu. Haijui kama kinachopita ndani yake ni wimbo, picha au barua ya ofisini. Kila kifurushi hufungwa kwa namba ya ukaguzi yenye biti 32, na iwapo hata biti moja itageuka njiani, kifurushi hicho hutupwa. Kanuni za mawasiliano ambazo Vint Cerf na Bob Kahn walizieleza mwaka 1974 ndizo zinazohakikisha kwamba kilichopotea kinatumwa upya. Kwa hiyo data ama hufika ikiwa kamili, ama haifiki. Hakuna hali ya katikati ambapo wimbo hufika ukiwa umefifia besi.

Wauzaji wengine hukubali hayo, lakini husema kwamba tatizo ni wakati, yaani vifurushi hufika kwa mwendo usio sawa na hivyo kuvuruga mapigo ya muziki. Mkazi wa Kinanie ana mfano mzuri wa kulijibu dai hili juu ya paa lake. Anayeletewa maji kwa lori hupokea lita elfu kadhaa kwa mkupuo, kisha siku kadhaa zikapita bila tone. Hata hivyo, bomba la jikoni hutiririka vilevile kila saa, maadamu tangi halijakauka. Kicheza muziki nacho kina tangi lake, yaani kumbukumbu inayohifadhi sekunde kadhaa za wimbo kabla ya kuchezwa. Mwendo wa muziki huamuliwa na saa iliyo ndani ya kigeuzi, kile kifaa kinachobadilisha namba kuwa mawimbi ya umeme yanayokwenda kwenye amplifaya. Swichi haiigusi saa hiyo.

Waliofanya vipimo wameona hivyohivyo. Amir Majidimehr, mhandisi aliyewahi kuwa makamu wa rais katika kampuni ya Microsoft, aliipima swichi ya aina hii iitwayo EtherREGEN, na hakupata tofauti katika mawimbi yanayotoka kwenye kigeuzi, iwe swichi hiyo imeunganishwa au imeondolewa.

Hata hivyo, si haki kulifunga faili hapo. Waya wa mtandao ni shaba, na shaba haibebi data peke yake. Kelele za umeme zinaweza kuifuata njia hiyohiyo. Adapta duni ya ruta hutoa kelele za masafa ya juu, na waya wenye ngao ya chuma unaweza kuunganisha ardhi za umeme za vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti. Hapo huzaliwa mzunguko ambao hufanya spika zingurume kwa hezi 50, kama ulivyo umeme wa nchi hii, au kwa hezi 100. Kweli, kila tundu la mtandao lina transfoma ndogo ya kutenganisha pande mbili, ambayo kwa kawaida hujaribiwa kwa volti 1,500, na kelele nyingi huishia hapo. Lakini waya wenye ngao huikwepa transfoma hiyo, nazo kelele za masafa ya juu sana hupenyeza kiasi.

Namna ya kujua kama nyumba yako ina tatizo hili haigharimu hata senti. Anza kucheza wimbo, kisha uchomoe waya wa mtandao kwenye kicheza muziki. Kwa kuwa tangi lina akiba, vicheza muziki vingi vitaendelea kuimba kwa muda. Sikiliza kwa makini katika sehemu tulivu ya wimbo. Ikiwa mngurumo ungalipo, mtandao hauna hatia, na hakuna kichujio cha mtandao kitakachouondoa. Chunguza badala yake nyaya za amplifaya, televisheni na king'amuzi. Ikiwa mngurumo ulitoweka papo hapo, basi umempata mwizi wako, na dawa yake ni rahisi. Badilisha waya wenye ngao kwa ule usio na ngao, au utumie Wi-Fi kwa kicheza muziki hicho. Asiyeridhika anaweza kuweka vigeuzi viwili vya faiba na kipande cha waya wa kioo katikati, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme kamwe. Gharama ya yote hayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya swichi ya kifahari.

Kuhusu vichujio, hapana budi kutofautisha. Pete ya feraiti inayobanwa kwenye waya ni kifaa halisi chenye kazi halisi ya kupunguza kelele za masafa ya juu, na bei yake ni ndogo. Vitenganishi vya mtandao navyo ni vifaa vya kweli. Hospitali huvitumia pale mashine inayomgusa mgonjwa inapounganishwa na kompyuta, ili umeme unaovuja usimfikie. Lengo lake ni usalama, si utamu wa sauti, na hivyo anayevinunua kwa ajili ya muziki asishangae akikosa kusikia tofauti yoyote.

Kinachoharibu usikilizaji katika nyumba nyingi ni mambo yasiyovutia kuyatangaza. La kwanza ni mpangilio wa programu yenyewe. Programu nyingi za muziki hushusha ubora zenyewe mawimbi ya mtandao yanapodhoofika, au mtumiaji anapowasha hali ya kuokoa data. Tofauti hiyo ndiyo inayosikika kweli. Ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 144 kwa saa, ilhali muziki wa kiwango cha CD, ambao ni kilobiti 1,411 kwa sekunde kabla ya kufinywa, hufikia takriban megabaiti 635. Hata laini ya megabiti tano inatosha kwa viwango vyote viwili. Aliyelipia intaneti isiyo na kikomo nyumbani lakini akaacha programu yake katika hali ya kuokoa data anajinyima bure.

La pili ni Wi-Fi. Kuta za mawe, milango ya chuma na mabati huyadhoofisha mawimbi, na masafa ya gigahezi 2.4 hujaa haraka pale nyumba zinapopakana. Matokeo yake ni wimbo kukatika au ubora kushuka. Hapa ndipo swichi ya kawaida, ile ya bei nafuu, inapopata kazi yake ya haki. Vuta waya kutoka kwenye ruta hadi sebuleni, na uchomeke televisheni, kicheza muziki na kompyuta kwenye swichi hiyo. Waya wa shaba unaruhusiwa kufika mita 100. Katika nyumba yenye watu wengi, ruta inayoweza kugawa zamu kwa haki huzuia video inayopakiwa na mmoja isimkwamishe mwingine.

Yako pia mambo yasiyotibika kwa kifaa chochote cha nyumbani. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota kotekote Afrika Mashariki. Vilevile kuna ubora wa rekodi yenyewe. Nyingi kati ya nyimbo za benga ya Kikamba zilizorekodiwa na Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, zilitoka kwanza kwenye santuri ndogo. Nakala ikinakiliwa kutoka santuri iliyochakaa, mikwaruzo yake ni sehemu ya data, na mtandao utaifikisha kwa uaminifu uleule unaoifikisha gitaa.

Anayesisitiza kwamba swichi ya bei ghali inasikika vizuri zaidi na afanye jaribio. Mwenzake abadilishe swichi bila yeye kuona, akiongozwa na sarafu iliyorushwa, mara kumi. Naye aandike kila mara anachodhani kinatumika. Uwezekano wa kupatia mara tisa au zaidi kwa kubahatisha tu ni takriban asilimia moja. Kupatia mara tano au sita hakuthibitishi lolote. Jaribio hili lifanywe wakati kifaa bado kinaweza kurudishwa dukani, na muuzaji asiyekubali kurudishiwa asipewe pesa.

Fedha zitakazookolewa zina matumizi ya maana zaidi, hasa katika uwanda wa Mto Athi. Umeme unaporejea baada ya kukatika, kama ilivyokuwa baada ya giza la nchi nzima la Agosti 25, 2023, volteji inaweza kuruka na kuunguza ruta na amplifaya kwa pamoja. Kinga ya volteji iwekwe kabla ya vifaa hivyo, si kwa televisheni pekee. Wanaovuta waya wa shaba kutoka nyumba moja hadi nyingine kupitia nje wanaikaribisha radi sebuleni, na hapo faiba si anasa tena.

Kisha kuna fito ya ardhi, ambayo wengi huisahau punde tu nyumba inapokamilika. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea katika uwanda huo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zikiizunguka fito, umeme hukosa njia nzuri ya kushuka ardhini, na kinga ya volteji iliyonunuliwa kwa pesa nyingi hushindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Aipime ardhi hiyo mwezi Septemba, udongo ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu kipimo kinachochukuliwa mvua za vuli zikishaanza huonyesha hali njema kuliko ilivyo.